Uzito wa Kamera ya Safari Uko Kwenye Lenzi

Mtu anayetafuta kamera nyepesi ya kusafiria karibu kila mara huanza na bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi. Analinganisha moja ya gramu 350 na nyingine ya gramu 450, anasoma habari za megapikseli, analipa, kisha fedha iliyobaki ndiyo anaitafutia lenzi. Naona huko ni kuanzia mwisho. Kati ya bodi nyepesi na bodi nzito za kawaida tofauti ni gramu mia kadhaa. Kwenye lenzi, kuna ya gramu 120 na kuna inayokaribia kilo mbili. Anayetaka kupunguza mzigo aanzie huko kwenye tofauti kubwa.

Jambo la pili ni simu. Msafiri wa leo ana kamera mfukoni kabla hajaingia dukani. Lenzi kuu ya simu nyingi huona upana unaokaribia ule wa lenzi ya milimita 24 hadi 28 kwenye kamera za filamu ya 35 (milimita zikiwa chache lenzi huona pana, zikiwa nyingi huvuta mbali), na kukiwa na jua picha yake ya ufukwe, ya magofu ya Kilwa au ya nyika iliyonyooka hadi upeo wa macho inatosha kutumwa nyumbani, hata kuchapishwa kwa ukubwa wa karatasi ya A4. Simu hushindwa mahali pawili: kitu kikiwa mbali, na mwanga ukiwa hafifu huku mtu anayepigwa picha hatulii.

Kwa hiyo hoja yangu ni kwamba kamera ya safari inunuliwe kwa ajili ya zile picha ambazo simu haiwezi. Lenzi mbili zinatosha: moja ndogo inayopitisha mwanga mwingi, na moja ya mbali. Ile lenzi ya 18-55 inayouzwa pamoja na kamera, ambayo watu huiona ndiyo ya lazima, ndiyo ya kwanza kubaki nyumbani.

Tuangalie mzigo wenyewe. Wengi wetu tulijifunza kuheshimu kamera kwa kuwatazama wapiga picha wa harusi, na zana zao ndizo tunazoziona kuwa zana kamili: Canon 5D Mark IV ya gramu 890 pamoja na betri, lenzi ya 24-70 f/2.8 (hiyo namba ya f ikiwa ndogo, mwanga mwingi hupita) ya gramu 805, na ile nyeupe ya 70-200 f/2.8 ya gramu 1,480. Jumla ni kilo 3 na gramu 175, kabla ya chaja, betri ya akiba na begi lenyewe. Kwa mtu wa kazi mzigo huo una sababu: bibi harusi anaingia ukumbini mara moja tu, na taa za ukumbi hazimngojei mpiga picha. Lakini kuubeba kutoka stendi ya Magufuli, Dar, hadi Lushoto, ukapande nao milima ya Usambara, ni kujitwisha kazi ambayo hakuna aliyekupa.

Uzito huo unatoka wapi? Wengi husema unatoka kwenye ukubwa wa kihisi, kile kibamba ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Fulu fremu ina kihisi cha milimita 36 kwa 24, APS-C takriban 23.5 kwa 15.6, na Micro Four Thirds 17.3 kwa 13. Watu huhitimisha kwamba kihisi kikubwa ndicho kizito na kidogo ndicho chepesi. Mimi napima kwa njia nyingine, na ningependa kila mnunuzi aijue, maana inahitaji kugawanya tu. Chukua zile milimita zilizoandikwa kwenye lenzi, kama 50 au 600, uzigawanye kwa ile namba ya f, kama 1.8 au 6.3. Jibu ni upana wa tundu linalopitisha mwanga, na upana huo ndio unaolazimisha vioo viwe vikubwa.

Lenzi ya Sigma 150-600 ya aina ya Contemporary, kwenye milimita 600 na f/6.3, ina tundu la milimita 95. Uzito wake ni gramu 1,930. Lenzi ya Olympus 75-300, kwenye 300 na f/6.7, ina tundu la milimita 45 hivi; uzito gramu 423. Kwa kuwa kihisi cha Micro Four Thirds ni kidogo, 300 hiyo huona finyu sawa na 600 ya fulu fremu. Sasa tazama Canon EF-S 55-250 ya kamera za APS-C: 250 ukigawanya kwa 5.6 unapata tena milimita 45 hivi, na uzito wake ni gramu 375. Kampuni mbili na vihisi viwili tofauti, lakini tundu ni lile lile na uzito unakaribiana. Ukipanda hadi milimita 95 unalipa kilo moja na nusu zaidi.

Tundu hilo kubwa si bure, na ni haki kulisema. Jioni, simba anapoamka na jua linazama, lenzi yenye tundu la milimita 95 inakusanya mwanga zaidi ya mara nne ya ile ya 45, kama debe lenye mdomo mpana lililowekwa mvuani kando ya kikopo. Picha ya lenzi nyepesi saa kumi na mbili na nusu jioni itakuwa na chembechembe, na hakuna bodi mpya itakayoziondoa zote. Msafiri anachagua: kilo moja na nusu mgongoni kila siku, au nusu saa ya mwanga mwisho wa siku. Mimi, kwa safari ambayo haikupangwa kwa ajili ya wanyama peke yao, nitaiacha hiyo nusu saa.

Hesabu hiyo hiyo inaonyesha kitu ambacho wauzaji hawakitaji mara nyingi. Kwa lenzi za kawaida tundu huwa dogo kwenye kila kihisi, kwa hiyo hata fulu fremu inaweza kuwa nyepesi. Lenzi ya 50 f/1.8 ina tundu la milimita 28. Canon RP ya mwaka 2019, gramu 485 na betri yake, ukiifunga lenzi ya RF 50 f/1.8 ya gramu 160 unapata gramu 645. Mtu anayekwenda Lamu au Mji Mkongwe kwa siku tatu, kutafuta milango, vichochoro na nyuso za watu, hana haja ya kukimbia kihisi kikubwa kwa kuogopa uzito. Kinacholemea ni umbali. Vipimo vya fulu fremu vyenyewe vilitokana na mtu aliyekuwa akikimbia mzigo: Oskar Barnack, fundi wa kampuni ya Leitz kule Wetzlar, Ujerumani, alikuwa na pumu na alipenda kutembea milimani, na kamera za sahani za kioo zilimshinda. Akachukua filamu ya sinema ya milimita 35, akaitengenezea kamera ya picha za 24 kwa 36. Kamera hiyo, Leica, iliingia sokoni mwaka 1925, ikiwa ndogo kiasi cha kuingia mfukoni mwa koti. Vipimo vile vile leo tunaviita vikubwa.

Kwa msomaji aliyeko Dar, Mombasa, Kampala au Bujumbura, ningeanza na kile kinachopatikana karibu. Kamera za Micro Four Thirds ni nzuri na nitazirudia, lakini madukani kwetu Canon na Nikon ndizo zilizojaa, na fundi wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue, Nairobi, anazifahamu hizo. Canon 200D iliyotoka mwaka 2017 ina megapikseli 24 na uzito wa gramu 453 pamoja na betri. Ongeza lenzi ya 50 f/1.8 STM, gramu 160, na hiyo 55-250 STM ya gramu 375. Jumla gramu 988. Kwa kuwa kihisi chake ni cha APS-C, una kitu kinachoona kama lenzi ya 80 ya fulu fremu kwa nyuso na usiku, na kingine kinachofika mbali kama 400 kwa wanyama, vyote chini ya kilo moja, vyote vinapatikana vikiwa vimetumika. Ni kamera ya kioo (DSLR, yenye kioo ndani kinachokuonyesha kile lenzi inachokiona), ya mtindo ambao kampuni nyingi zimekwisha kuuacha, na wauzaji watakwambia imepitwa. Sikubali. Kwa sababu macho yako yanatazama kupitia kioo bila kuwasha skrini, betri yake moja imepimwa kupiga picha 650 hivi. Olympus E-M10 Mark II, ambayo ni ndogo na nzuri zaidi kuishika, imepimwa 320. Ukilala kijijini Pemba au kambini ambako jenereta inazimwa saa nne usiku, tofauti hiyo ni betri ya pili na wasiwasi wa chaja.

Anayeweza kuagiza kutoka Dubai au Japani, au mwenye ndugu wa kumletea, achukue hiyo E-M10 Mark II ya mwaka 2015: gramu 390, na ina kitulizi cha kuzuia mtikisiko ndani ya bodi, kinachofanya kazi na kila lenzi. Ifunge 45 f/1.8 ya gramu 116 na 40-150 ya gramu 190, umefika gramu 696. Ukitaka 75-300 badala ya 40-150, ni gramu 929. Anayenunua mpya kabisa aitazame Canon R50: gramu 375, na RF 50 na lenzi ya 55-210 ya gramu 270 jumla ni gramu 805. Ila hiyo 55-210 inafika f/7.1 mwishoni; gawanya, utaona tundu limeshuka hadi milimita 30. Wepesi wake umelipiwa hapo.

Sasa nitetee lenzi ya kwanza, maana wengi huniambia 50 au 45 ni finyu mno kwa safari. Fikiria Forodhani, Zanzibar, baada ya magharibi, moshi wa mishkaki, taa za meza zikimulika nyuso kwa chini. Lenzi ya 18-55 ukiivuta hadi mwisho iko kwenye f/5.6. Lenzi ya 50 ikiwa f/1.8 inapitisha mwanga karibu mara kumi zaidi. Pale ambapo ya kwanza inahitaji sekunde 1/10, ya pili inamaliza kwa 1/100. Kitulizi kitazuia mkono wako usitikise picha. Hakitamsimamisha mpishi anayegeuza chapati. Kwa 1/10 mkono wake utakuwa ukungu, kwa 1/100 utaona hata unga vidoleni. Simu nayo gizani huunganisha picha kadhaa kuwa moja, na mtu akisogea katikati ya kuunganisha huko, uso wake unavurugika.

Msitu wa Jozani ni mfano mwingine. Kima punju, wale wekundu wanaopatikana Zanzibar pekee, huwa mita chache tu kutoka kwa wageni. Hapo umbali si tatizo kabisa, lakini chini ya miti kuna kivuli kizito na wao hawatulii. Lenzi ya 50 f/1.8, inayoweza kugharimu chini ya nyingine zote begini, ndiyo itakayoleta picha.

Lenzi hii ina faida moja zaidi, ambayo haimo katika karatasi yoyote ya vipimo. Kwenye APS-C inakuweka mita mbili hivi kutoka kwa mtu unayempiga picha ya kifua na uso. Ni umbali wa kusalimiana. Unamwamkia mzee shikamoo, unaeleza unachotaka, anakubali au anakataa, na akikubali bado mnaendelea kuzungumza. Lenzi ndefu nyeupe ikielekezwa kwa mtu kutoka ng'ambo ya barabara inamfanya awindwe, na watu wa Lamu na Mji Mkongwe, waliokwisha kuchoka na kupigwa picha bila kuombwa, wana haki ya kukasirika. Kamera ndogo haikupi ruhusa ya kuiba picha. Inakusaidia kusogea na kuomba kama mtu mwingine yeyote.

Kuhusu lenzi ya mbali, swali ni mbali kiasi gani. Hapa pia hesabu inasaidia. Tembo dume mwenye urefu wa mita 3 begani, akiwa mita 50 kutoka kwenye gari, kwa uoni wa milimita 400 anajaza picha kutoka juu hadi chini. Simba aliyesimama, urefu wa mita moja hivi, kwa umbali huo huo anachukua theluthi ya kimo cha picha, na kwa megapikseli 24 unaweza kukata pembeni bila hofu. Ndege wa sentimita 20 akiwa mita 20 anapata sehemu moja ya sita. Kwa hiyo 400 inatosha Mikumi, ambako watu wa Dar huenda mwisho wa wiki na tembo na twiga huonekana hata kutoka barabara kuu ya kwenda Iringa. Inatosha sehemu kubwa ya Amboseli na Serengeti. Kwa mpenzi wa ndege haitoshi, na huyo namshauri aende moja kwa moja kwenye 75-300 ya Olympus.

Ngorongoro ni mahali watu hujuta kutokuwa na lenzi ndefu zaidi, kwa sababu magari hayaruhusiwi kutoka barabarani na faru mara nyingi huwa mbali sana. Lakini saa sita mchana hewa ya moto juu ya nyasi inacheza, na picha ya kitu kilicho mita mia tano huja imeyeyuka hata ukitumia lenzi ya bei ya gari. Fedha hiyo ingeleta picha bora zaidi kama ingetumika kuamka mapema na kuwa getini lango linapofunguliwa.

Wapo wanaosema uzito si hoja kwa kuwa gari la safari ndilo linalobeba. Mwenye gari lake, anayelala hifadhini siku nyingi na kuegemeza lenzi dirishani, achukue ile ya kilo mbili. Sina ugomvi naye. Wengine hawana uhuru huo. Ndege ndogo zinazokwenda hifadhini kwa kawaida huruhusu kilo 15 kwa abiria, begi la mkononi na kamera vikiwemo, na betri za akiba lazima zikae nawe ndani, si kwenye mzigo. Juu ya Kilimanjaro, safari ya kileleni inaanza usiku wa manane, baridi inanyonya betri kiasi kwamba inabidi ikae mfuko wa ndani karibu na mwili, na ukiwa mita 5,000 kila kilichoning'inia shingoni unakihisi. Ukimpa mpagazi, gramu zile zimekwenda kwenye mgongo wa mwenzako.

Vumbi nalo linaamua mambo. Bodi nilizozipendekeza, 200D, E-M10 Mark II na R50, hazikuzibwa dhidi ya maji wala vumbi. Funga lenzi ya mbali kabla gari halijaondoka asubuhi, usiibadilishe hadi mrudi, na picha za mandhari uzipige kwa simu. Anayechukia kabisa kubadilisha lenzi atazame Sony RX10 IV: lenzi moja isiyotoka, inayoona kama 24 hadi 600 ya fulu fremu, tundu la milimita 55 mwishoni (milimita zake halisi hapo ni 220, kwa f/4). Lakini uzito ni gramu 1,095, ukubwa ni wa kamera kubwa, na bei yake ni ya juu. Zile ndogo za kuingia mfukoni, kama Ricoh GR III ya gramu 257, zinatoa picha nzuri ajabu, ila jicho lake ni la 28, lile lile la simu. Ndugu yake GR IIIx inaona kama 40, na kwa msafiri mwenye simu nzuri naiona hiyo kuwa ya maana zaidi.

Nakubali jambo moja kwa wanaotetea lenzi pana. Mtu anayechapisha picha kubwa za ukutani, au anayeuza picha zake, ataiona simu ikifika mwisho mapema. Huyo aongeze Canon EF-S 24 f/2.8, bapa kama biskuti, gramu 125. Bado 18-55 haihitajiki.

Kama fedha ni ya hatua kwa hatua, bodi iliyotumika na lenzi ya 50 vinunuliwe kwanza. Lenzi ya mbali isubiri hadi tarehe ya kwenda hifadhini ijulikane. Na wakati wa kununua kilichotumika, hasa kilichoishi pwani, hatari kubwa ni fangasi. Unyevu wa Tanga, Mombasa na Unguja huotesha nyuzi nyeupe ndani ya vioo, zikisambaa kama utando wa buibui, na zikishakula mipako ya kioo fundi hawezi kuirudisha. Muombe muuzaji aitoe lenzi kwenye bodi, fungua tundu lote, mulika tochi ya simu kutoka nyuma na utazame kwa mbele, kisha geuza upande wa pili. Vumbi dogo halidhuru. Ukiona nyuzi, hata moja, mrudishie lenzi yake na uendelee na duka linalofuata.